Simu za Saa Kumi

Alhamisi, 11 Machi

Kuanzia leo mimi si mlinzi wa geti tu, mimi ndiye sauti ya hospitali. Naliandika hili ukurasa wa kwanza ili atakayeokota daftari asije akasema hakuambiwa.

Ilikuwa hivi. Wodi ya ugonjwa huu wa kifua unaoambukiza imefungwa wiki ya tatu, ndugu hawaingii, na getini kwangu pamekuwa kama mnadani. Huyu anauliza baba yake yuko hai, yule anataka kurusha chupa ya chai juu ya ukuta. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ndiye muuguzi mkuu wa hiyo wodi. Akaamua kila siku saa kumi alasiri kila familia ipigiwe simu iambiwe hali ya mgonjwa wake. Kazi akapewa karani. Karani akawa anasoma ile karatasi kama hakimu anayetoa hukumu, familia zikawa zinamtukana, naye anawakatia. Jana kakimbilia kwenye mafaili yake, kasema kwenye simu harudi hata kwa dawa.

Ndipo mpwa akanijia getini, barakoa usoni, akasema wewe Mjomba watu wanakusikiliza. Nikamwambia hilo halihitaji mkutano. Sauti yangu hufika sokoni kabla ya mimi mwenyewe kutoka nyumbani. Nimesoma mpaka darasa la tano, na la tano nililisoma mara mbili kwa kulipenda, kwa hiyo karatasi si tatizo.

Nimepewa stoo ya mashuka, meza moja, kiti kimoja na simu yenye waya. Juu ni bati tupu bila dari. Kila mchana mpwa anaandika karatasi kwa mkono wake: mgonjwa, namba ya simu ya nyumbani kwao, na hali. Hali ni za aina tatu. Kuna "anaendelea vizuri". Kuna "hali ni ile ile". Na kuna "aitwe", aitwe mke au aitwe mwana, yaani mtu wake wa karibu aje leo hii asimame kwenye dirisha la nyuma ya wodi, amwone na amsemeshe kupitia upenyo, maana kesho huenda ikakosekana. Waliofariki si wangu. Familia za hao anazipigia mpwa mwenyewe.

"Soma kilichoandikwa, Mjomba," akaniambia. "Usiongeze, usipunguze."

Nikamwambia mwanangu, mimi ndiye niliyekushika mkono ukajifunza kutembea, leo unifundishe kusema?

Ijumaa, 12 Machi

Simu kumi na tisa. Sauti haijakauka, ningepiga mia.

Mama mmoja, mwanawe yupo kitanda cha sita. Karatasi inasema hali ni ile ile. Nikamsomea. Nikamsikia anavuta kamasi. Sasa wewe ungefanyaje? Nikamwambia mama, hali ni ile ile maana yake analala, na analala kweli kweli, anakoroma mpaka wa kitanda cha saba ameomba ahamishwe. Mama wa watu akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, nikamwambia taratibu, usije ukalazwa nasi huku.

Neno moja la kuongeza. Halijaua mtu.

Jumapili, 14 Machi

Mvua za kwanza. Kwenye lile bati ni kama watu wanamwaga kokoto. Nimepiga simu kwa kupiga kelele.

Jumatatu, 15 Machi

Nimekuwa mtu mashuhuri na sikutafuta. Getini leo wanawake watatu wameniuliza kama mimi ndiye Mjomba wa simu. Mmoja ameniletea ndizi. Wananiita Mjomba wote sasa, hata wazee wanaonizidi, nami naitika, ukoo umekua.

Matusi yameisha. Mpwa amepita akasimama, akasema hajui nimefanya nini ila watu wametulia, akashukuru. Nikamweleza kwamba mwaka wa mafuriko, nilipokuwa utingo wa lori, niliwatuliza abiria arobaini juu ya paa la lori kwa hadithi tu, maji yamefika kwenye vioo na kiboko anazunguka chini. Akaniuliza lori la mizigo lilipataje abiria arobaini. Huyu mtoto hajawahi kuwa na subira na hadithi. Kwa mama yake wamezaliwa wote hivyo, wakavu kama biskuti.

Jumatano, 17 Machi

Simu ishirini na nne. Mvua.

Jumamosi, 20 Machi

Leo nimeona jambo, naliandika ingawa halinihusu.

Nilikuwa napeleka karatasi ya jana. Kwenye korido, mwisho kabisa karibu na sinki, mpwa wangu amesimama ameelekea ukutani. Anauambia ukuta: "Mimi ni muuguzi wa wodi. Nina habari mbaya. Mama yako amefariki leo saa nne asubuhi." Anasimama. Anaanza tena, safari hii polepole zaidi. Mara nne. Halafu akafuta macho kwa mkono wa koti, akaingia ofisini, nikasikia anapiga simu na kuyasema yale yale, hakuongeza hata nukta.

Nilikuwa nikimwona mgumu, namwambia dada yangu kwamba binti yako ameota jiwe kifuani. Leo sina hakika. Ila mimi ningeyasema kwa upole zaidi. Ningeanza na kitu kizuri.

Jumatano, 24 Machi

Fundi ameletwa.

Nieleze Fundi ni nani. Ni fundi cherehani wa kona ya soko, tumekua naye tangu tunachungulia mitihani ya wenzetu. Hii sare yangu ya ulinzi kaishona yeye. Watu wote hunisikiliza wakapanua macho, Fundi peke yake hunikata hadithi kama kitambaa. Nikisema simba watatu, anasema punguza mikono, fupisha pindo, toa paka mmoja twende. Na anacheka huku sindano ziko mdomoni. Siku zote nilimwambia ipo siku utazimeza.

Leo mimi mwenyewe nimemfungulia geti. Alikuwa nyuma ya gari ya jirani, amekaa amejikunja, mkewe amemshika mabega. Anahema kama mtu aliyepanda ghorofa kumi. Hata hivyo akanitazama akasema, kwa vipande vipande, "Leo usiwaambie... nimekuja na simba."

Shemeji akabaki nje ya geti na mfuko wa nguo. Niliupokea mimi. Akaniambia, shemeji, wewe upo ndani, namwacha mikononi mwako. Nikamwambia aende alale, mume wake atatoka hapa anakimbia, na kwamba hata mimi mwaka ule nilipopata homa ya matumbo nilishakatiwa sanda nikainuka nikaivaa kama shati. Alitaka kutabasamu.

Alhamisi, 25 Machi

Karatasi: hali ni ile ile. Shemeji nimempigia wa mwisho ili tuongee kwa nafasi. Nimemwambia Fundi anawaambia wauguzi kwamba mashuka yao pindo limeshonwa vibaya. Akasema huyo ndiye yeye. Sauti ikachangamka.

Sikumwona Fundi. Mimi siruhusiwi wodini. Lakini angeweza kusema hivyo, nani atakataa?

Jumamosi, 27 Machi

Hali ile ile. Nimesema kamtania daktari.

Jumapili, 28 Machi

Hali ile ile. Mvua imeng'oa bati la jikoni. Nimesema kaulizia kama jikoni kwake kunavuja.

Jumanne, 30 Machi

Hali ile ile, lakini mpwa kaandika kwa kalamu iliyokandamizwa. Simu zimefika thelathini na moja. Oksijeni imekuja lori zima na imekwisha. Wauguzi wawili wamelazwa humo humo wanamofanyia kazi.

Shemeji ameniuliza kama anakula. Nikasema amekunywa uji vikombe viwili, akaomba cha tatu. Akanyamaza kidogo, akasema haya, Mungu ni mwema.

Mpwa ana alama mbili za barakoa mashavuni, nyekundu, kama amechanjwa chale. Nimemwambia akae. Amekaa, na akalala hapo hapo na kikombe mkononi, nami nikakishika chini yake kisianguke. Dakika sita. Aliamka akauliza nani anaita. Hakuna aliyekuwa anaita.

Alhamisi, 1 Aprili

Naona watu getini hawaniulizi tena wagonjwa wao wakoje. Wananiuliza wamesema nini leo. Wamezoea.

Jumamosi, 3 Aprili

Naandika la leo. Nitaliandika lilivyo.

Karatasi ililetwa saa nane. Huwa naanza juu nashuka. Leo jicho lilikwenda lenyewe. Kitanda cha kumi na moja, Fundi. "Aitwe mke. Leo."

Nimekaa nalo lile neno saa mbili. Familia nyingine nimewaita wiki hizi, na nimewaita vizuri. Nimewaambia njooni, mje na mwavuli, wamekuja wamesimama dirishani. Kwa hiyo si kwamba sijui kazi. Saa kumi ikafika. Nikapiga wote, ishirini na tisa, nikamwacha yeye. Mvua ilikuwa inashuka kama imetumwa. Mwishowe nikapiga.

Akapokea kabla haijalia mara ya pili. Nikasema shemeji, habari ya huko. Akasema habari unayo wewe. Nikafungua mdomo kusoma. Sijui niandike vipi kilichotokea. Mdomo huu umesema mambo elfu ambayo hayakuwahi kuwepo, na moja lililokuwepo umelikataa. Nilihisi nikilitamka ndiyo litakuwa kweli, na nisipolitamka Fundi atabaki kama alivyokuwa jana. Nikasikia sauti yangu inasema anaendelea. Inasema leo kakuulizia. Kasema mke wangu yuko wapi, mwambieni asijichoshe.

Akauliza, "Nije?"

Neno moja. Aliuliza mwenyewe. Kiatu chake kilikuwa mguuni, alinieleza, na mwavuli kaazima kwa jirani, kwa sababu moyo ulikuwa unamwambia aje hata asimame nje ya ukuta.

Nikamwambia, "Usije, shemeji. Mvua hii itakulaza na wewe. Njoo kesho asubuhi, nitakupeleka dirishani mwenyewe."

Akasema basi atajaribu kulala, maana siku kumi hajafumba jicho. Nikasema lala. Nikakata.

Nilijiambia kesho asubuhi si mbali. Mtu mwenye kifua kama cha Fundi havunjwi na usiku mmoja. Nimekunja karatasi nimeitia mfukoni badala ya kuirudisha.

Jumapili, 4 Aprili

Fundi amefariki alfajiri.

Mpwa amempigia shemeji. Nilikuwa getini na sikujua mpaka nilipomwona anakuja kwangu bila koti la mvua, anatembea katikati ya madimbwi kama hayaoni. Akasema twende stoo.

Tukaingia. Akafunga mlango. Akaniuliza kama jana nilimpigia mke wa Fundi. Nikasema nilimpigia. Akaniuliza nilisema nini. Nikaanza kueleza mvua ilivyokuwa. Akainua mkono, nikanyamaza.

"Nimemwambia mumewe amefariki," akasema. "Ameniambia haiwezekani, jana Mjomba kasema kaniulizia. Mjomba, yule baba hajasema neno tangu Jumatano. Hajaweza."

Akaitazama ile simu mezani.

"Jana alikuwa bado anasikia. Ndiyo maana niliandika 'leo'. Nilikaa naye mpaka saa mbili usiku nikimwambia mkeo yuko njiani."

Hilo ndilo lililonikalisha. Alimwambia mkeo yuko njiani. Akamwambia kwa kuniamini mimi, kwa hiyo na yeye mpwa wangu, ambaye maisha yake yote hajui kutunga, nimemfanya amdanganye mtu anayekufa.

Nikasema mwanangu, nilitaka kumpumzisha tu. Nikasema familia zote zimepumzika kwa sababu yangu. Akaniuliza zote zipi. Ndipo likanitoka lote, la kitanda cha sita, la mashuka, la uji. Alisikiliza amesimama, mgongo mlangoni. Nilitegemea atapiga kelele. Angepiga ningejua pa kushika.

Akasema watu wanaokaa nyumbani na simu mapajani hawana macho humu ndani, macho yao ni neno moja la saa kumi, na wanapanga siku zao juu ya hilo neno: waje, wasije, waite watoto wa mbali, waombe, walale. Akasema aliponiweka kwenye kile kiti alijua mimi ni mtu wa maneno, kwa hiyo kosa litaandikwa kwa jina lake, na ameshaliandika kwa daktari mkuu. Nikamwambia aandike langu. Akasema langu nitalibeba kwa miguu.

"Utakwenda kumwambia. Wewe, kwa mdomo wako. Sitakupangia siku, lakini utakwenda. Na mpaka uende, simu hii huigusi."

Jumatatu, 5 Aprili

Wamemzika watu wa afya, mavazi meupe toka utosini. Familia mbali, nyuma ya kamba. Nimesimama nyuma ya familia.

Jumanne, 6 Aprili

Geti.

Alhamisi, 8 Aprili

Geti. Mpwa anapiga simu mwenyewe baada ya zamu. Namsikia kupitia ukuta wa stoo. Anasema hali ni ile ile, halafu anasubiri. Wanalia, anasubiri. Anasema nipo, nakusikia. Hawachekeshi, na hawakatii simu.

Ijumaa, 9 Aprili

Nimefika mpaka kona ya soko. Kibanda cha Fundi kimefungwa. Majirani wawili wananiona wananishika mkono, wananipa pole, halafu wananisimulia, wao wananisimulia mimi, kwamba marehemu alikufa kifo kizuri, siku ya mwisho alikunywa uji, akatania, akamuulizia mkewe, akimwita "mke wangu". Shemeji ndiye amewaambia matangani. Mama mmoja akasema hayo maneno ndiyo yaliyomsimamisha mjane, bila hayo angeanguka.

Nimerudi. Nani atakwenda kumng'oa mtu nguzo aliyoegemea? Nimemwambia mpwa hivyo hivyo kama nilivyoandika, nikiona ni maneno mazito. Akasema nguzo hiyo niliichimbia mimi, na kila akiiegemea anamshukuru mtu aliyemzuia kuja. Akaingia wodini.

Jumapili, 11 Aprili

Mvua siku nzima. Sikwenda. Nimesingizia mvua, tena.

Jumatatu, 12 Aprili

Nimekwenda.

Nilimkuta uani, anaanua nguo kabla mvua haijaanza. Mashati ya Fundi, amefua yote. Akanikaribisha, akanipa kigoda, yeye akasimama na mashati mkononi. Nikamwambia shemeji, weka hizo chini. Akasema zitaloa, sema tu.

Nimesimulia mambo mbele ya machifu, mbele ya polisi wa barabarani, mbele ya mkwe wangu siku ya posa. Hii ilinitoka kama mtoto anayesoma ubaoni. Nikasema siku ile Jumamosi karatasi iliandikwa uitwe. Nikasema wewe uliuliza nije, nami nikakuzuia. Nikasema hakukuulizia, hakuwa na uwezo wa kusema toka Jumatano. Alikuwa anasikia. Muuguzi alimwambia uko njiani.

Akakunja shati moja. Akalikunja vizuri, mkono juu ya mkono, akaliweka kwenye beseni. Akachukua la pili.

"Uji," akasema. "Mume wangu hanywi uji. Miaka thelathini hajaugusa. Na wewe unajua, mmekula pamoja tangu utoto."

Ni kweli, nilijua. Fundi alikuwa anakimbia harufu yake. Nilisahau kwa sababu hadithi ilitaka uji.

Nikamuuliza, basi alijua natunga? Akasema alijua toka siku ya mashuka. Hata "mke wangu" Fundi hajawahi kumwita. Humwita mama nanihii, au humpigia mluzi. Akasema alikuwa anaziacha zipite, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya na mimi nilikuwa na kelele, na hata majirani aliwapa hizo hizo kwa kuwa walikuja mikono mitupu na hakuwa na kingine cha kuwapa. Alidhani chini ya chumvi kuna chakula. Alidhani ninapamba tu ile hali ya kwenye karatasi.

"Kutia chumvi nilijua unako, shemeji. Kuficha sikujua unako."

Nikasema nisamehe. Akasema hajafika huko. Akasema yale mavazi ya kutokea yalikuwa mwilini, hakuyavua, alilala nayo. Alilala vizuri, hilo ndilo linalomuua, siku kumi hakulala na usiku ule alilala mpaka simu ya muuguzi ikamwamsha. Hakulia. Ningependa kuandika kwamba alilia, au alinipiga, lakini hakufanya hivyo. Mvua ikaanza, akachukua beseni akaingia ndani, na mlango akaurudishia bila kuubamiza. Nilibaki kwenye kigoda mpaka nikalowa, halafu nikakiegemeza ukutani nikaondoka.

Jumanne, 13 Aprili

Nimemwambia mpwa nimekwenda. Hakuuliza ilikuwaje. Amenisogezea kiti, akaweka karatasi ya leo mezani, akasema kwanza nianze na wale wote niliowadanganya ambao wagonjwa wao bado wamo.

Walikuwa saba. Mama wa kitanda cha sita alikuwa wa pili. Nikamwambia hakukoroma, sijawahi kumsikia. Akauliza basi alikuwaje siku zile. Nikasema hali ilikuwa ile ile, mama, sikujua zaidi. Akakata. Kesho atapokea tena, hana njia nyingine, na hilo si la kujisifia.

Ijumaa, 16 Aprili

Simu thelathini na tatu. Wawili wameitwa. Wote wamekuja.

Jumanne, 20 Aprili

Hakuna anayeleta ndizi.

Jumamosi, 24 Aprili

Nimepishana na shemeji sokoni. Nimemsalimu. Ameitika. Hatukusimama.

Jumatano, 28 Aprili

Mwana wa yule mama, kitanda cha sita, ametoka leo kwa miguu yake. Nimemfungulia geti. Mama yake alikuwa ng'ambo ya barabara tangu asubuhi, kwa maana jana nilipomwambia kesho anatoka hakuniamini, akaja kusubiri aone. Amepita na mwanawe mbele yangu bila kunitazama. Sawa. Amempata.

Jumapili, 2 Mei

Mvua zimeanza kupungua. Bati limenyamaza, nikipiga simu sasa nasikia mpaka pumzi ya mtu upande wa pili. Wakati wa mvua nilikuwa sisikii.

Ijumaa, 7 Mei

Karatasi ya leo ina kumi na nne tu. Ya kumi na nne: kitanda cha pili, mama mzee. Aitwe mwana. Mwanawe ni dereva wa lori la mchanga, mtu wa utani, tulikuwa tunapigana vijembe kila jioni nilipokuwa naipamba kazi hii.

Nimempigia wa kwanza kabisa. Alikuwa barabarani, injini inanguruma. Nikasema mimi ni Mjomba wa hospitali, karatasi inasema uitwe. Njoo sasa, dirisha la nyuma.

Akacheka. Akasema, "Mjomba, umeanza tena? Punguza basi, nina mzigo nyuma."

Angekuwa mtu mwingine angeniamini kwa neno moja. Huyu nilimfundisha mwenyewe asiniamini. Nilitafuta la kumwambia. Najua kumfanya mtu aone kiboko mahali pasipo na maji, ila la kumfanya aamini kitu kilichopo sikulipata. Nikasema, mama yako anasikia bado, sijui mpaka saa ngapi. Zaidi ya hapo sijui.

Nikanyamaza. Na yeye akanyamaza. Nilishika ule mkono wa simu kwa mikono miwili, sikusema kitu, na kila sekunde iliyopita nilitamani kusema kitu. Halafu nikasikia injini imezimwa. Akauliza, sauti ya mtoto, aje kwa geti lipi.

Alifika na mchanga wake nyuma, hakuushusha. Nilimpeleka mpaka kona ya wodi, nikamwonyesha dirisha, nikarudi nyuma hatua ishirini. Mpwa wangu alikuwa ndani, amekisogeza kitanda. Yule bwana akaweka viganja viwili ukutani, akainamisha kichwa kwenye upenyo, akaanza kuongea. Aliongea muda mrefu.

Aliyomwambia mama yake sikuyasikia. Kama mama alijibu, au aliinua mkono, kutoka nilipokuwa haikuonekana.